Mchanga Uliooshwa Mara Tatu

Ukitaka kumchelewesha Phanice Nasike, mpitishe karibu na mjengo. Hata awe anakimbilia kanisani, hata awe amebeba keki ya harusi ya mtu, akiona rundo la mchanga atasimama. Atainama, atachota kidogo, atausugua katikati ya kidole gumba na kile cha shahada huku amefumba macho. Kisha atatia chembe mbili tatu mdomoni na kuzitafuna kwa meno ya mbele. Mafundi wa Kitale walishamzoea. Wale wa Bungoma mjini bado kuna wanaodhani ana mimba, na kwa mwanamke wa miaka arobaini na tisa hiyo si habari ndogo.

Mwenyewe hajali hata kidogo. Mchanga hukwaruza meno, atakueleza, hata kama hukumuuliza. Tope la kawaida husagika kama unga wa posho mill mbovu. Lakini udongo wa mfinyanzi, ule laini kabisa, huo hauna neno na jino, huteleza tu. Atakuambia haya huku macho yamemtoka kwa furaha, na usipokuwa mwangalifu atakutilia na wewe chembe mdomoni.

Alizaliwa Tongaren, kwenye shamba la skimu ya makazi, baba yake akiwa mkulima wa mahindi na mama yake mkulima wa mahindi yale yale. Alipotimiza miaka ishirini na mmoja alipelekwa Mabanga kwa kozi fupi ya kilimo, arudi akijua kuweka mbolea. Huko mwalimu mmoja alitia udongo kwenye chupa ya maji, akaitikisa na kuiweka dirishani. Wenzake waliandika yaliyokuwa ubaoni. Phanice aliitazama chupa. Mchanga ulitua kabla mwalimu hajamaliza sentensi. Tope lilitua taratibu, mpaka chai ya saa nne. Na ule udongo laini, jamani, ule ulikuwa bado unaelea kesho yake asubuhi, maji yangali na rangi! Hakula chakula cha mchana siku ile. Alikuwa amegundua kwamba kila chembe ina muda wake wa kushuka, na kwamba mtu mwenye saa na subira anaweza kujua ukubwa wa kitu ambacho jicho haliwezi kukiona.

Mbolea haijui vizuri hadi leo. Lakini miaka kadhaa baadaye alipata kazi ya kuosha chupa katika maabara moja ya udongo pale Kitale, na mwaka haukuisha kabla hajaanza kugusa machekeche. Hayo yanataka maelezo kidogo. Ni ya shaba, ya mviringo, hupangwa moja juu ya jingine, lenye matundu makubwa juu, na kila unaposhuka matundu yanapungua, mpaka la mwisho ambalo huoni tundu lolote usipoliinua mwangani. Chini ya yote kuna sahani ya kupokea vumbi lililopita kote. Unamimina mchanga mkavu juu, unatikisa dakika kumi, unapima kilichobaki katika kila moja. Umeme ukikatika, Phanice hutikisa kwa mikono huku akiimba nyimbo za kwaya, na wenzake wamekiri kwamba vipimo vya siku za giza ndivyo sahihi zaidi.

Miaka kumi na tisa alipima. Alipima mchanga wa madaraja, tope la mito, mashapo ya mabwawa karibu yote ya Trans-Nzoia. Na miaka yote kumi na tisa hesabu zake ziliingia katika ripoti zilizotiwa sahihi na watu wengine, vijana wenye digrii waliokuja, wakakaa kidogo, wakahamia Nairobi. Alikasirika? Alikasirika sana. Asikudanganye mtu kwamba alikuwa mpole juu ya jambo hilo. Alikuwa akisoma ripoti zile na kupiga mstari chini ya tarakimu zake kwa penseli, kisha anazirudisha kabatini.

Basi utaelewa jinsi alivyoruka Januari mwaka huu, mkuu wake, Absalom Makokha, alipomwita ofisini.

"Mama Ian," akasema Makokha, "kazi ya Ziwa Robati ni yako. Utapima wewe, lipoti utaandika wewe, na utasaini wewe. Ikienda vizuri, ile nafasi ya msimamizi wa nyanjani nitakuandikia barua mimi mwenyewe."

Phanice alimshukuru kwa adabu, akafunga mlango, akaenda chumba cha machekeche akacheza peke yake.

Ziwa Robati si ziwa, ni bwawa. Mzungu mmoja mwenye jina hilo alilichimba zamani upande wa juu wa Endebess, akaondoka zake, na wenyeji wakaliita ziwa kwa kuwa wengi wao hawakuwa na maji mengine ya kulilinganisha nayo. Tangu hapo mvua imekuwa ikiteremsha udongo wa mashamba hadi ndani, na siku hizi ukifika mwezi wa pili maji hayamfiki ng'ombe magotini. Kamati ya maji, chini ya mama mmoja mfugaji aitwaye Jepkorir, ilikuwa imehangaika miaka mitano kutafuta mashine ya kulichimba upya, mita mbili kwenda chini. Sasa mashine ilikuwa imepatikana. Kilichobaki ni swali moja tu: kuna nini kwenye sakafu ya ziwa?

Swali hilo halikuwa la kujazia karatasi. Nchi ile chini yake ni murram, ile changarawe nyekundu, na mawe yaliyopasuka, na maji yakiifikia yanazama kama hayakuwapo. Kama katika mashapo kuna tabaka la udongo wa mfinyanzi, basi hilo ndilo lililoyashika maji miaka yote, na mashine ikilitoboa, ziwa limekwisha. Kama ni mchanga mtupu hadi chini, basi kinachoshika maji kiko chini zaidi, na wanaweza kuchimba bila wasiwasi. Ng'ombe wote wa upande ule, na akina mama wote wenye mitungi, walikuwa wananing'inia kwenye ukubwa wa chembe.

Phanice alifika ziwani mapema mwezi wa pili akiwa na mabomba ya plastiki, mifuko, kalamu na furaha yake. Hapo ndipo alipoona chombo cha kumpeleka: chelezo cha mapipa manne yaliyofungwa kamba chini ya mbao. Mwenye chelezo alikuwa Mzee Kipkemei, mchota mchanga, mtu mwembamba mwenye kofia ya sufu, anayejulikana kuanzia Endebess hadi Kitale kwa mchanga wake wa kujengea.

Sasa, kuna jambo ambalo Phanice hakuwahi kumwambia mtu ofisini. Anaogopa maji. Alipokuwa na miaka saba alitumbukia katika josho la ng'ombe kule Tongaren, akameza dawa ya kupe, akatolewa kwa kushikwa nywele. Kwa miaka kumi na tisa amepima sakafu za mabwawa bila kukanyaga maji ya kufika kifundo cha mguu. Kila mara vijana wa digrii ndio walioingia. Siku hiyo hapakuwa na kijana. Alikitazama chelezo, kikatikisika. Miguu yake ikakataa katakata.

"Mzee, enda wewe," akasema. "Mimi nitabaki kwa gari niandike lebo."

Alimwonyesha bomba linavyosukumwa na linavyochomolewa, akampa mifuko kumi na tano: sehemu tano za ziwa, na kila sehemu mfuko wa juu, wa katikati na wa chini. Kipkemei akaitikia kila neno, akapiga kasia, akapotelea nyuma ya matete. Alikaa huko saa nyingi. Aliporudi, mifuko ilikuwa imejaa vizuri, imefungwa vizuri, inapendeza.

Na vipimo vyake, kule maabarani, vilipendeza zaidi. Mchanga, mchanga, mchanga. Katika ile sahani ya chini kabisa hakukuta vumbi la kujaza kijiko. Phanice alishangaa kidogo, akatafuna chembe, zikakwaruza kama inavyotakiwa, akaacha kushangaa. Aliandika ripoti kwa siku mbili. Sahihi aliifanyia mazoezi kwanza kwenye gazeti. Kisha akaiweka mahali pake, jina lote, Phanice Nasike, akaipiga picha na kumtumia mwanawe Ian chuoni. Ripoti ilisema hakuna udongo wa mfinyanzi katika kina cha kuchimbwa. Chimbeni.

Kamati ikafurahi. Ikapanga mashine ianze Ijumaa.

Jumatano ya wiki hiyo, Phanice akiwa anakunywa chai, mlango wa maabara uligongwa. Alikuwa Kipkemei, kofia mkononi, gunia begani.

"Madam, habari ya kazi? Nilisikia mchanga yetu ilipita mtihani."

"Ilipita, mzee. Karibu, keti."

"Sasa nikasema niletee madam ingine," Kipkemei akasema, akitua gunia kwa heshima. "Hapa Kitale watu wanajenga sana. Si unaweza kuonyesha wakubwa wako? Ni safi hii. Nimeosha mara tatu, kama ile yako tu."

Phanice alikitua kikombe polepole.

"Kama ile yangu?"

"Ee! Ati ningeletea mtu wa ofisi mchanga chafu? Hapana, madam. Ile ya juu haikuwa na shida. Ile ya chini pia, nilitoa mawe tu. Lakini ile ya katikati, bana! Hiyo ilinisumbua. Ilikuwa inanata kama ugali ya wimbi. Nikaosha, nikaosha, ikaenda yote na maji. Ikabaki kiganja moja."

"Lakini mifuko ilikuja imejaa."

"Nilijaza na ile ya juu," akasema Kipkemei, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyefanya kazi kuliko alivyoombwa.

Usimcheke. Mimi nilicheka nilipoisikia mara ya kwanza, na nikaona aibu. Mtu huyu amechota mchanga miaka arobaini. Mchanga wenye tope hupasua ukuta, na fundi akipata ukuta uliopasuka hatakusahau hadi azikwe. Kwa Kipkemei, kumpa mtu mchanga usiooshwa ni sawa na kumwandalia mgeni sahani chafu. Nani alimwambia kwamba madam huyu, peke yake katika wateja wake wote, alikuwa anautaka ule uchafu wenyewe? Hakuna. Aliyepaswa kumwambia alikuwa amejifungia ndani ya gari akiandika lebo.

Phanice alijua hilo papo hapo. Ripoti yake, ya kwanza yenye jina lake, ilikuwa imepima ufundi wa Kipkemei wa kuosha, na keshokutwa mashine ingelitoboa ziwa kwa ruhusa yake. Lakini lazima niseme yote: chini ya hofu kulikuwa na kitu kingine kinamsisimua, na alishindwa kukizuia.

"Inanata, ulisema? Inanata kweli?"

"Kabisa."

"Rangi gani?"

"Kijivu. Kama ya majivu ya maji."

"Na ukiweka kidole inaacha alama?"

"Hata kucha."

"Mungu wangu," akasema Phanice, na Kipkemei hakuweza kujua kama madam analia au anafurahi. Ulikuwa udongo wa mfinyanzi. Ulikuwepo! Ila unene wake, na mahali unapoanzia, hakuna aliyejua.

Alikwenda kwa Makokha moja kwa moja, bila kujipodoa kwa uongo wowote. Makokha alisikiliza, akavua miwani, akaipangusa na tai.

"Mama Ian, lipoti imeenda. Mashine iko njiani. Unataka nipige simu niseme nini? Ati tulipima mchanga ya kuoshwa?"

"Sema hivyo hivyo, mkubwa."

"Na ile barua yangu? Nikisema hivyo, hakuna barua. Unajua?"

"Najua," akasema Phanice. Ilimuuma, na hakuficha kwamba imemuuma. "Nipe gari kesho."

Makokha alivaa miwani tena. Si mtu mbaya, ni mtu wa kupenda mambo yaliyonyooka. "Chukua gari," akasema. "Lakini hao watu wamengoja miaka mitano. Nikiwaambia wasimame kwa simu watadhani tunataka kitu. Ijumaa utasimama mbele yao wewe mwenyewe, uwaonyeshe kwa macho. Usipoweza kuwaonyesha, mashine inachimba."

Alhamisi asubuhi Phanice alipanda chelezo. Andika hilo na lisomwe. Alipanda kwa magoti na viganja, amefunga leso kichwani na kuvaa mitungi miwili mitupu ya lita tano mgongoni, kana kwamba ziwa hilo la magotini lingeweza kummeza. Kipkemei alipiga kasia bila kucheka, na kwa hilo tu anastahili heshima. Mapipa yaligongana, maji yakapita kwenye nafasi za mbao na kumlowesha sketi, naye akawa anasali kwa sauti kwa Lubukusu, lugha ya kwao.

Walipofika katikati alisimamisha bomba, na Kipkemei akaligongelea kwa nyundo ya mti. Kwanza lilishuka kwa urahisi, sauti ya mkwaruzo. Kisha likawa gumu, likanyamaza, likishuka kidogo kidogo. Kisha ghafla likagonga kitu cha mawemawe. Phanice aliziba mdomo wa juu kwa kiganja ili kilichomo kisianguke, wakalivuta wote wawili hadi chelezo kikainama upande. Wakalilaza, akalipasua kwa kisu urefu wake wote.

Ah, laiti ungekuwepo! Ziwa zima lilikuwa limelala pale, miaka yote tangu Robati. Juu mchanga wa kahawia uliochanganyika na tope, sentimita hamsini na nane. Chini yake, kwa mpaka uliokatwa kama kwa rula, udongo wa kijivu unaong'aa, sentimita arobaini na moja. Na chini ya huo, murram nyekundu yenye mawe. Phanice alipiga kelele, na bata wa majini wakaruka. Alibana udongo ule, ukatoka utepe mrefu usiokatika. Alitia mdomoni. Hakuna neno na jino! Alisimama wima juu ya chelezo, mikono hewani, na ni Kipkemei aliyemkumbusha kwa upole kwamba wako juu ya maji.

"Onja," akamwambia mzee.

Kipkemei alionja. Alifikiri. "Haina ladha," akasema, "lakini ni laini kushinda siagi."

"Sasa, mzee, nakuomba. Usioshe."

"Siguzi hata," akasema Kipkemei, akaificha mikono nyuma ya mgongo.

Walipima sehemu zote tano. Udongo wa kijivu ulikuwepo kila mahali, lakini upande wa kaskazini, palipotengwa kwa mashine kuanzia, ulikuwa mwembamba kuliko kitabu cha Biblia. Ndoo tatu za kwanza za mashine zingetosha kuutoboa.

Saa tisa alasiri alikuwa Kitale. Aliloweka udongo katika dawa inayoachanisha chembe zilizoshikana, akaupitisha kwa maji katika lile chekeche la mwisho. Katika gramu mia moja, zilizobaki juu zilikuwa tisa. Tisa! Nyingine zote zilikuwa zimepita mle ambamo jicho halioni tundu. Alizimimina kwenye gudulia refu la kioo, akalitikisa, akaliweka mezani, akatumbukiza kile kipimo chenye kuelea ambacho huzama polepole kadiri maji yanavyotakata, akashika saa. Nusu dakika, dakika moja, mbili, nne. Mlinzi alipokuja kufunga jioni maji yalikuwa bado rangi ya chai ya maziwa. Ijumaa alfajiri alirudi, akawasha taa, na mkono ukaenda mdomoni wenyewe. Bado yalikuwa na rangi. Ni miaka karibu thelathini tangu ile chupa ya Mabanga, na moyo wake ulidunda vile vile. Aliandika kipimo cha mwisho, akaokota mikebe miwili mitupu ya mafuta ya kupikia, akamwita Makokha kwenye gari.

Ziwani kulikuwa na sherehe. Sufuria za chai zilikuwa motoni, mchungaji alikuwa ameshaomba, watoto wa shule walikuwa wameruhusiwa kuja kutazama. Mashine ya manjano ilikuwa imesimama kwenye ukingo wa kaskazini, injini inanguruma, na juu yake kijana aitwaye Munene ametoa kiwiko dirishani. Jepkorir alikuwa amevaa gauni la Pasaka. Alimkumbatia Phanice kwa nguvu.

"Huyu ndiye madam aliyetupimia!" akawatangazia watu, nao wakapiga makofi.

Makofi yale yalimwumiza Phanice kuliko matusi. Alingoja yaishe.

"Ripoti yangu si ya kweli," akasema.

Kwanza hawakusikia kwa sababu ya injini, ikabidi aseme tena kwa sauti. Safari hii walisikia hata waliokuwa kwenye sufuria. Jepkorir alimwachilia mkono.

"Si ya kweli namna gani?"

"Kuna udongo wa kushika maji, uko karibu, na pale mashine iliposimama ni mwembamba sana. Mkichimba leo, ziwa linakauka."

"Na uliandika hakuna!" mtu akapiga kelele. "Nani alikosea?"

Kipkemei alikuwa nyuma ya umati, kofia ameivuta hadi kwenye nyusi. Phanice alimwona. Jina la mzee yule lilikuwa mchanga wake, na katika kijiji mtu hupewa jina jipya kwa dakika moja na kulibeba maisha yote.

"Nilikosea mimi," akasema Phanice. "Nilitakiwa kuingia ziwani nione kwa macho yangu. Sikuingia. Nilikaa kwa gari kwa sababu naogopa maji."

Walicheka. Walicheka sana, na Makokha, aliyefanya kazi naye miaka yote hiyo, alimgeukia kama anayemwona leo. Phanice hakungoja wanyamaze. Aliitoboa mikebe yote miwili kwa msumari, matundu sita sita chini. Mmoja akaujaza mchanga wa juu. Mwingine akauwekea udongo wa kijivu, akaukandamiza kwa ngumi kama mtu anayekandika ukuta. Akamimina maji kote kuwili, akaiinua mikebe juu, mmoja kila mkono.

Wa mchanga ulimwaga papo hapo, ukamlowesha viatu. Wa udongo haukutoa tone. Watu walisogea. Jepkorir aliuchukua, akauinua juu ya kichwa chake chenye kitambaa cha Pasaka, akatazama matundu kwa chini. Akangoja. Akapapasa.

"Ni kavu," akasema.

"Ngoja kidogo, itatoka," mtu akasema.

Wakangoja. Dakika tano, kumi. Hakuna aliyekwenda kunywa chai.

"Mathe," Munene akamwita Jepkorir kutoka juu, "mi nililetwa kuchimba, si kuangalia mkebe. Nianze ama nisianze?"

Hapo Kipkemei akapenya katikati ya watu, akavua kofia.

"Mchanga ya kwanza niliosha mimi," akasema. "Huyu madam anajibebea tu. Niliosha mara tatu ikaisha. Lakini jana tulitoa pamoja, na sikuguza. Hiyo kijivu iko. Nimeionja."

Mzee mmoja fundi akasema kwa sauti, "Si nyinyi wote mnajua Kipkemei hawezi kupatia mtu mchanga chafu?" Na kicheko kilichofuata hakikuwa na ubaya ndani yake. Phanice alipumua kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

Jepkorir hakucheka. Aliuweka mkebe chini kwenye nyasi, taratibu, maji yasimwagike, akamgeukia Phanice.

"Umesema mchanga ya juu ni hamsini na nane."

"Katikati, ndiyo. Huku kaskazini msiguse kabisa."

"Basi utasimama hapa mpaka jioni," akasema Jepkorir. "Wewe na Kipkemei. Mtapima mbele ya ndoo, na mkiona kijivu mnainua mkono. Munene! Zunguka upande wa pili. Ukiona mkono wa huyu mama, unasimama hata kama ndoo iko hewani."

"Sawa," akasema Munene, na mashine ikageuka kwa kishindo kilichofanya watoto wapige mayowe.

Walifanya kazi siku nzima, Kipkemei na bomba, Phanice na kidole chake, amezama matopeni hadi mapajani. Aliinua mkono mara ishirini na saba, na mara ishirini na saba ndoo ikasimama. Haikuwa mita mbili walizoziota, ilikuwa nusu mita na kidogo, na ziwa zima la hivyo ni maji mengi. Makokha alikaa ukingoni akiandika vipimo anavyoitiwa na Phanice. Kuhusu barua hakusema kitu, naye Phanice hakuuliza.

Saa kumi jioni Jepkorir alikumbuka mkebe. Watu wakaufuata mpaka kwenye nyasi alikouacha, maana wengine walikuwa bado wanabishana juu yake. Lakini mtamba mmoja mwekundu, wa Jepkorir mwenyewe, alikuwa amewatangulia. Alikuwa ametia mdomo ndani ya mkebe, koo linapanda na kushuka. Fundi akapiga kelele, watoto wakaokota vijiti, Munene akaruka kutoka kwenye mashine, kila mtu anafukuza ng'ombe asiharibu ushahidi.

"Mwacheni," akasema Phanice. Alikuwa amesimama amejaa tope hadi kifuani, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kujali nani anaona. "Mwacheni anywe."

Wakashusha vijiti. Yale maji yalikuwa bado yamejaa tangu asubuhi, na mtamba aliyanywa yote.